Mwalimu na Mashine Aliyoiita Mshenga

Kila siku baada ya chakula cha mchana, Mwalimu alisimama dirishani kuangalia mawingu. Hakuyaangalia kama mtu anayependa mandhari. Aliyaangalia kama mama anayemwona mbuzi wa jirani akikaribia mboga zake. Mawingu yakishakuwa meusi upande wa msitu, alitembea pole pole hadi kwenye kona ya ofisi, akainama, akachomoa waya wa simu kutoka kwenye modemu na kuutundika kwenye msumari. Kisha alisema, bila kumtazama mtu yeyote, "Intaneti imeenda kulala."

Na kweli ilikuwa imelala. Sisi wa ofisi kuu ya kampuni ya chai, hapa Kericho, tulikuwa na intaneti ya asubuhi tu. Kwingine mtandao hukatika wenyewe. Wetu ulikatwa na mkono wa Mwalimu, kwa sababu radi ya huku haina adabu. Ilikuwa imeshaunguza modemu moja kabla sijaajiriwa, na Mwalimu aliihifadhi ile maiti juu ya kabati, plastiki imeyeyuka, ili kila mgeni aione. Siku moja mkurugenzi alikuja kulalamika kwamba anangoja barua pepe kutoka ng'ambo. Mwalimu akamwonyesha maiti kwa kidole. Mkurugenzi akarudi ofisini kwake.

Hakuna aliyemwita kwa jina lake pale. Wote walimwita Mwalimu, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hesabu kabla kampuni haijamchukua asimamie kompyuta. Mimi nilijiona nina haki ya kumwita hivyo kuwashinda wengine, kwa maana mimi alinifundisha kweli. Nilikaa dawati la mbele katika darasa lake, si kwa bidii bali kwa ufupi, na nilimeza vumbi la chaki yake miaka yote ya sekondari.

Darasani hakuwahi kumwambia mtu "umekosa". Ulipoandika upuuzi ubaoni alisema neno moja tu: "Endelea." Ukaendelea, jasho linakutoka, hadi ulipofika mahali ambapo mbuzi wa swali alikuwa amebaki na miguu mitatu na nusu. Hapo darasa lote lilicheka, wewe ukacheka pia, na Mwalimu akasema, "Kosa lina miguu. Liache litembee, utaona linakokwenda." Nimefanya kazi na kompyuta maisha yangu yote ya utu uzima, na sijasikia fundisho la kutafuta hitilafu linalolishinda hilo.

Lakini subira hiyo ilikuwa ya wanadamu pekee. Ng'ombe wake hakumwambia "endelea". Wafanyakazi waliotoka Roret, kwao, walituhadithia kwamba asubuhi, ng'ombe akipiga teke ndoo ya maziwa, sauti ya Mwalimu ilisikika hadi kituo cha kupimia majani chai. Alipokasirika, Kiswahili chake kilirudi nyumbani Ukipsigis: b zikawa p, g zikawa k. Sisi vijana tulikuwa tukiiga chini kwa chini. "Pado! Pado!" Yeye alitusikia, na hakujali.

Alikuwa bahili wa kutisha kwa laini ya simu. Kila dakika ya intaneti ilipita moyoni mwake kabla ya kupita kwenye waya. Lakini mtu huyo huyo angesimama nawe kwenye korido, maji ya mvua yakichuruzika kutoka kwa mwavuli wake, akakueleza habari za ndama aliyezaliwa na miguu mbele hadi ukasahau ulikokuwa unakwenda. Alikuja na mursik, maziwa ya mgando ya kwao yanayotiwa mkaa, kwenye chupa ya chai, akammiminia kila mtu bila kuuliza. Mara ya kwanza aliponipa, mimi Mkisii niliyezoea maziwa meupe, niliona ule weusi wa mkaa nikafunga macho.

"Kunywa, Moraa," akasema. "Hiyo ni dawa ya kufikiri."

Nilikunywa. Sijui kama ilinisaidia kufikiri, lakini kufikia mwaka uliofuata nilikuwa nikimtazama mkono kila saa nne.

Sasa niseme habari ya mshenga.

Kwenye ile kona, chini ya msumari wa waya, palikuwa na kompyuta moja nzee isiyokuwa na kiti. Hakuna aliyeketi mbele yake. Kazi yake ilikuwa kusimama kati yetu na dunia. Kompyuta zote za ofisi zilikuwa zimeunganishwa kwake, na yeye peke yake ndiye aliyeunganishwa kwa simu. Ukitaka ukurasa wa mbali, hukwenda mwenyewe. Ulimwambia yeye, yeye akaenda, akaleta jibu. Vitabu viliiita proksi. Mwalimu aliiita mshenga.

"Wewe huendi kwa baba ya msichana ukasema nipe mke," alitueleza siku aliyotukusanya. "Unatuma mshenga. Yeye ndiye anajulikana huko. Yeye ndiye ataulizwa maneno. Wewe kaa nyumbani, ngoja."

Kwetu Kisii mtu huyo tunamwita esigani, kwa hivyo nilielewa upesi kuliko wenzangu waliosoma Nairobi. Niliajiriwa kwa majaribio ili niandike programu moja. Chai yetu ilipakiwa kwa malori hadi Mombasa, kwa mawakala wanaoipeleka mnadani, na karani mmoja alikuwa akishinda kwenye simu akiuliza kama mzigo umefika. Mawakala hao walikuwa wamefungua mahali kwenye intaneti ambapo kompyuta ingeweza kutuma nambari ya mzigo na kujibiwa: bado, au umepokelewa. Programu yangu ilitakiwa iulize yenyewe, mzigo baada ya mzigo, na kuandika majibu kwenye skrini ya ofisi ya usafirishaji.

Niliiandika nyumbani kwa rafiki aliyekuwa na modemu yake, nikaijaribu huko, ikajibu vizuri. Nikaileta ofisini nikitembea kifua mbele. Ikakataa kabisa. Hakuna kilichotoka, hakuna kilichoingia. Nilihangaika asubuhi nzima, na Mwalimu alikuwa pale pale akichonga penseli.

"Mwalimu, haiendi."

"Endelea."

"Nimeendelea mpaka nimechoka."

Akaja akasoma programu yangu kwenye karatasi, maana hakupenda kusoma kwenye skrini. Alisema karatasi haikupigi mwanga usoni kama polisi. Akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa unaongea na nani?"

"Na Mombasa."

"Mombasa haikusikii. Anayekusikia ni huyu wa kona. Ongea na yeye." Akanitazama. "Na ukiongea na yeye usimwambie tu 'nenda nyumba ya tatu'. Nyumba ya tatu ya wapi? Mwambie Kapsoit, nyumba ya tatu. Anwani yote, mwanzo mpaka mwisho. Yeye anatumwa na watu wengi, hawezi kujua yako ni gani."

Hilo ndilo lililokuwa kosa. Mtu anapoongea moja kwa moja na mashine ya mbali hutaja sehemu tu ya anwani, kwa sababu ameshafika mlangoni. Anapomtuma mshenga lazima ataje yote. Nikarekebisha. Ikakataa tena, safari hii kwa kunijibu kwamba mshenga hanijui. Mwalimu alikuwa ameweka sheria kwamba kila anayetaka kutoka ataje jina na neno lake la siri, awe mtu au programu. Nikamwomba aisamehe programu yangu, ipite tu kwa kuwa haina nia mbaya.

"Hata mchungaji akija kwangu anapiga hodi," akasema.

Nikaipa programu jina. Nikaipa neno la siri. Nikaketi, nikaitazama ikiondoka kwa mara ya kwanza na kurudi na jibu kutoka Mombasa: umepokelewa. Nilipiga kelele. Watu wa mishahara walichungulia. Mwalimu alinipa mkono rasmi kabisa, kama tunavyopeana baada ya ibada, na kusema, "Kongoi, Moraa." Mimi ndiye niliyefaa kushukuru. Ndivyo alivyokuwa, alishukuru watu kwa kujifunza.

Wiki iliyofuata niliharibu jambo jingine, na hilo alilihadithia mpaka kwenye sherehe za harusi. Programu yangu ilihitaji pia majina ya madereva, ambayo yalikuwa kwenye kompyuta ya chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yetu. Mimi kwa kumzoea mshenga nikampa na kazi hiyo. Programu ikazubaa, kila kitu kikaenda polepole, mshenga akipokea swali la jirani na kuhangaika nalo huko nje kwenye simu.

Mwalimu alicheka hadi akaondoa miwani. "Mama yangu! Unamtumia dada yako mshenga? Dada yako mko naye jikoni! Mwite tu!"

Tangu siku hiyo, mtu yeyote ofisini aliyeandika barua kwa mtu anayekaa dawati la jirani aliambiwa anamtumia dada yake mshenga.

Kuna mambo yake ambayo sikuyaelewa na sidai kuyaelewa. Aliamini mashine, lakini hesabu ya ng'ombe, mashamba na watoto alifanya kwa vidole. Aliimba besi kwaya ya kanisani, sauti yake ikiwa ya wastani kabisa, kwa sababu besi walikuwa wachache na mtu hawezi kuacha kundi bila mguu. Alisema vijana wa leo hawana utii, lakini mkubwa akimwagiza jambo asilokubaliana nalo alilifanya polepole mpaka mkubwa akasahau. Aliniambia mara nyingi kwamba mwanamke anayeandika programu asiolewe na mtu asiyejua kupika. Nilipomuuliza kama yeye anajua kupika, alijibu kwamba yeye haandiki programu sana.

Ni lazima nieleze pia hali yetu ya nyumbani, ili ieleweke kilichokuwa shingoni mwangu. Baba alifariki akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Mama alichuna chai kwenye shamba la kampuni hadi nyonga yake ikamkatalia, akaachishwa kwa heshima zote, yaani kwa kikombe, blanketi na kuambiwa arudishe ufunguo. Nyumba za kwenye laini, zile safu za nyumba za kampuni, ni za wafanyakazi. Asiyefanya kazi hana nyumba. Huko Kisii shamba la baba lilikuwa limegawanywa na ndugu zake mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka kitanda, na nyonga ya Mama ilikuwa ikitibiwa hospitali ya hapa. Afisa wa nyumba alikuwa mtu wa huruma. Alisema, "Msichana wako akithibitishwa kazini atapewa nyumba ya wafanyakazi wa ofisi, wewe utahamia kwake. Mpaka hapo, kaa. Asipothibitishwa, mama, itabidi."

Hakumalizia. Mama naye hakuniambia lolote la kunitia hofu. Alikuwa akikunja tu nguo zake na kuzikunjua, jioni baada ya jioni.

Basi, karibu na mwisho wa muda wangu wa majaribio, lilitokea jambo la malori.

Lori la chai nzuri liliondoka kwenda Mombasa kuwahi mnada. Programu yangu ikauliza, ikajibiwa: bado. Ikauliza tena: bado. Kesho yake: bado. Meneja wa usafirishaji, mtu mwenye sauti ya kupanda mlima, akapiga simu lakini laini za Mombasa zilikuwa mbovu kwa mafuriko. Akaogopa kwamba lori limeanguka au limeibwa. Akaamuru lori la pili lipakiwe chai ya aina ile ile, liende mbio likazibe pengo. Lori la pili lilipofika Mombasa lilikuta la kwanza limeshashusha mzigo zamani, dereva wake amekula samaki, amelala, ameamka. Ghala likakataa mzigo wa pili. Chai ikakaa kwenye turubai, unyevu wa pwani ukaingia, na kila anayeijua chai anajua unyevu hufanya nini.

Skrini yetu, muda wote huo, ilikuwa imeandika: bado.

Tuliitwa mkutanoni asubuhi. Palikuwa na mkurugenzi, meneja wa usafirishaji, Mwalimu na mimi. Nilikuwa nimevaa sketi ya kanisani. Meneja wa usafirishaji alianza hata kabla viti havijatulia.

"Hii kitu ya huyu msichana imetuambia uwongo siku mbili! Karani alikuwa anapiga simu, tukakuwa sawa. Sasa tumeweka kompyuta, tumepoteza lori mzima. Mimi nasema, mtu wa majaribio akishindwa na majaribio, si tumwambie tu asante aende?"

Mkurugenzi akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema niliipima programu kila siku na nilikuwa nimeiandikia, kama kitabu kinavyoelekeza, imwambie mshenga kwamba inataka jibu jipya na si la zamani. Meneja akacheka kwa pua.

"Mshenga! Tunaongea mambo ya lori, yeye anaongea mambo ya arusi."

Nilimtazama Mwalimu. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, anatazama nje, na nje hakukuwa na wingu hata moja. Meneja akaendelea. Alisema habari za gharama, habari za jina la kampuni, habari za watoto wanaotoka vyuoni wakiwa wamejaa maneno. Kila mara alipovuta pumzi nilimtazama Mwalimu tena. Niliwaza kwamba mtu aliyenifundisha tangu nikiwa na soksi za shule angesema angalau kwamba nina bidii. Aliendelea kutazama nje. Nikaanza kupanga moyoni jinsi nitakavyomwambia Mama.

Chai ya saa nne ikaletwa. Mwalimu akapokea kikombe chake, akakoroga ingawa hakuwa ametia sukari, akakiweka chini bila kuonja. Akasimama. Nadhani alisimama kwa mazoea ya ualimu.

"Ni mimi niliharipu," alisema. "Programu ya huyu msichana haina makosa. Kosa ni yangu. Iandikwe kwa jina yangu."

Meneja akafungua mdomo. Mkurugenzi akamuuliza Mwalimu kama ana hakika.

"Nina hakika. Msichana apewe barua yake ya kazi."

Akaketi, akanywa chai yake yote.

Nilithibitishwa. Nilipewa nyumba ya vyumba viwili yenye maji ya mfereji, Mama akahamia na nguo zake zilizokunjwa na kuku wake. Mwalimu, ambaye kila mtu alijua angefanywa mkuu wa kompyuta za mashamba yote, hakufanywa. Aliletwa kijana mmoja kutoka Nairobi, mwenye tai ya vitone. Mwalimu alimkabidhi kila kitu kwa adabu, akamwonyesha msumari, akamwonyesha ile maiti ya modemu, na kabla ya mwaka kuisha akaomba kustaafu mapema, akarudi Roret kwa ng'ombe wake.

Nami niliamini jambo moja kwa nguvu zangu zote: kwamba alinidanganyia. Kwamba lile agizo la kutaka jibu jipya nililiandika vibaya, yeye akaliona, akalirekebisha kwa siri, akajua habari za Mama, akajitwika. Nilipojaribu kumuuliza siku ile ile, alisema, "Fanya kazi, Moraa," na nilipofungua programu nikaikuta inajibiwa sawasawa, sikuwa na la kupima tena. Nilimwambia Mama hivyo. Mama alimwombea Mwalimu kila usiku kabla ya kuniombea mimi, nami sikuona wivu.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tisa, watu wakiogopa kwamba sifuri za mwaka mpya zitazima kompyuta zote duniani, Mama alisema nyonga yake imepata nguvu na anataka kwenda Roret kushukuru kabla dunia haijazimika. Tulinunua blanketi, sukari na majani ya chai, ingawa kumpelekea mtu wa Roret majani ya chai ni kumpelekea mto maji.

Tulimkuta shambani kwake, kikapu mgongoni, akichuna chai vibaya sana. Mama alimtazama kwa muda akashindwa kujizuia.

"Mwalimu, unachuna na matawi. Kituo watakurudishia."

"Wananirudishia kila siku, mama," akasema, akacheka, akavua kikapu. Alikuwa amekonda kidogo na alionekana mdogo kuliko alivyokuwa ofisini. Tulikaribishwa ndani, mkewe akaleta maziwa. Tukauliza ng'ombe, tukauliza watoto, tukauliza kanisa. Kisha Mama akaweka blanketi magotini pa Mwalimu na kusema Kiswahili alichokuwa amekiandaa njia nzima.

"Mimi nimekuja kusema asante. Huyu mtoto alifanya makosa, wewe ukachukua makosa yake ukaweka kichwani yako. Mtu hafanyi hivyo kwa mtoto ya mtu mwingine. Mungu akubariki."

Mwalimu akageuka, akanitazama kama aliyeona mbuzi wa miguu mitatu na nusu.

"Makosa gani ya mtoto?"

"Ile ya lori," nikasema. "Niliandika vibaya agizo la jibu jipya. Ulinifichia."

"Nani amekuambia uliandika vibaya?" Akakasirika kidogo, akamsahau Mama na blanketi. "Uliandika sawa! Niliona. Programu yako ilikuwa inamwambia mshenga kila saa: nenda tena, usiniletee ya jana. Mimi ndiye nilikuwa nimemkataza kusikia."

Akaeleza, na alieleza kama zamani, kwa mikono. Kwa kuwa alikuwa akichomoa waya kila alasiri kwa ajili ya radi, watu walilalamika kwamba mchana hawana cha kusoma. Basi akamwagiza mshenga atunze kila jibu analopata asubuhi, na mtu akiuliza tena jambo lile lile asiende popote, ampe lile alilotunza. Vijana wakagundua kitufe cha kudai ukurasa upya, wakawa wanakibonyeza kutwa kwa ajili ya matokeo ya mpira, wakimaliza dakika zake. Kwa hasira, siku chache tu kabla ya lori lile, akamwagiza mshenga apuuze hata anayedai jibu jipya, siku nzima na nyingine. Alifikiria watu wa mpira. Programu yangu hakuifikiria.

"Mshenga alienda Mombasa mara moja tu, akaambiwa bado," alisema. "Baadaye alikuwa anakaa hapa kwa kona na kukurudishia neno ile ile. Hiyo haikuwa yako. Mimi sikukudanganyia, Moraa. Mimi sidanganyi kwa ajili ya mtu. Nilisema tu vile ilikuwa."

Mama alikuwa akitazama midomo yetu kwa zamu. "Kwa hivyo hukumsaidia?"

"Sikumsaidia, mama."

"Na hukujua habari ya nyumba?"

"Nyumba gani?"

Nikamweleza mimi: afisa wa nyumba, ufunguo, ndugu za baba, hospitali. Nilivyokuwa nikieleza niliona uso wake ukibadilika. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nilipomaliza, Mwalimu aliinama akatazama sakafu.

"Kosa yangu nilijua kabla ya mkutano," akasema. "Asubuhi ile nilifungua mashine, nikaona, nikaondoa ile amri yangu. Niliingia pale nikijua. Huyo mtu alikuwa anakupiga na maneno, na mimi naangalia dirisha. Nilikuwa nahesabu kazi ile ya ukuu nitakosa. Mpaka chai ikaletwa." Akainua macho akamtazama Mama. "Ningejua kuna mama ndani ya nyumba, ningesema kabla mtu hajakaa. Nilichelewa. Hiyo ndiyo kweli."

Muda wote huo nilikuwa namshukuru kwa huruma, na haikuwa huruma. Alikuwa mtu aliyeogopa, aliyekuwa na kitu kikubwa cha kupoteza, ambaye angeweza kunyamaza na hakuna hata mmoja duniani angejua, wala mimi. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda nilipodhani alinidanganyia.

Mama ndiye aliyejibu. Alisukuma blanketi lililokuwa likiteleza magotini pa Mwalimu, akalirudisha vizuri, akalibana pembeni kama anavyomfunika mtoto.

"Ulichelewa, Mwalimu," alisema. "Lakini uliposema, mimi nilikuwa bado ndani ya nyumba."